Gari la Familia na Kiti cha Bibi

Watu wengi wanapotaka kununua gari huanza na injini. Huuliza lina nguvu kiasi gani, hukimbia namna gani, na ni nani mwingine mjini aliye nalo. Maswali hayo si mabaya, maana fedha inayotolewa ni nyingi, na mwenye kuitoa ana haki ya kufurahi. Lakini, ndugu msomaji, gari la familia humhusu pia mtoto anayekaa katikati magoti yakiwa yamebanwa, mama aliyepakata kikapu, na bibi anayepandishwa kwa kushikwa mkono. Hao hawautazami mshale wa mwendo. Wao hukijua kiti, mlango na barabara.

Nyumbani kwetu hapa Mbinga jambo hili lilituchukua miezi minne ya mwaka 2024. Mume wangu ni mwalimu, mimi ni mwandishi wa habari, watoto wetu ni watatu, na mama mkwe wangu anaishi kijijini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli. Akiba yetu ilitokana na mishahara, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na mavuno mawili ya kahawa. Ilitosha kununua gari moja lililokwisha kutumika, wala si zaidi.

Magari mawili yalikuwa yakiuzwa kwa bei zilizokaribiana. La kwanza lilikuwa Toyota Corolla RunX, gari fupi lenye mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu, tena la toleo lile lenye injini kali. La pili lilikuwa Subaru Legacy B4, gari refu la milango minne na buti lake nyuma, lenye injini iliyofungwa tabo. Mume wangu aliitaka Subaru. Mimi niliitaka RunX. Kila mmoja alikuwa na sababu zake alizozitaja, na kila mmoja alikuwa na sababu moja ambayo hakuitaja.

Yafaa kwanza nieleze asili ya magari ya namna hii. Mwaka 1975, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilionyesha Golf GTI, na mwaka uliofuata ikaanza kuiuza. Wazo lake lilikuwa jepesi: kuchukua gari dogo la kwendea sokoni na shuleni, kulitia injini ya nguvu farasi 110, kuzikaza springi zake, na kuacha nafasi ya abiria na mlango wa nyuma kama vilivyokuwa. Baba mwenye watoto akapata gari la kukimbia bila kununua gari la pili. Tabo nayo ilikuwa mambo ya ndege, malori na mashindano kabla haijazoeleka katika magari ya nyumbani. Saab ya Sweden ilipoonyesha gari lake la 99 Turbo mwaka 1977, wengi waliona kwamba hata motokaa ya kupelekea watoto shule yaweza kubeba mtambo huo.

Mtambo wenyewe si wa ajabu ukielezwa vizuri. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa kwa nguvu irudi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli inayochomwa nayo huwa nyingi, na nguvu huongezeka. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, yakielea juu ya oili nyembamba kama utando. Ndiyo maana fundi mwema humwambia mwenye gari la tabo abadilishe oili mapema, wala asizime injini mara tu anapomaliza kupanda mlima mrefu.

Sasa nitaje hesabu za magari yetu mawili. Injini ya RunX ile, ambayo Toyota iliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, ina ujazo wa sentimeta 1,795 na nguvu farasi 190. Gari lenyewe lina uzito usiofika kilo 1,200. Subaru ina ujazo wa sentimeta 1,994, nguvu farasi 260 kwa gari la otomatiki kama lile tuliloliona, na uzito wa karibu kilo 1,400, na magurudumu yake yote manne husukumwa na injini. Legacy ya muundo huo ilipewa tuzo ya gari bora la mwaka huko Japani kwa msimu wa 2003 na 2004. Jina la Subaru vijana wetu wanalijua pia kwa sababu ya Safari Rally ya Kenya, ambako Impreza ilishinda mwaka 1997 na tena mwaka 2000. Mume wangu aliyataja hayo yote mezani kama mtu anayesoma orodha ya mashujaa.

Nilijaribu kumshinda kwa kodi nikashindwa. Tulipohesabu gharama za kuagiza gari moja kwa moja kutoka Japani, tulikuta ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, nyongeza ya asilimia 30 kwa gari lililozidi umri wa miaka kumi, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hiyo ndiyo sababu tuliamua kununua gari lililokwisha kuingia nchini. Lakini kwa upande wa injini, magari yote mawili yamo katika kundi moja, la kuanzia zaidi ya sentimeta 1,000 hadi 2,000, linalotozwa asilimia 5. Sheria hupima ujazo wa injini, haipimi kinachosukumwa ndani yake. Hata ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na badala yake zikaongezwa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Kwa hiyo tofauti ya gharama ingeonekana penye pampu, safari baada ya safari, wala si katika karatasi za serikali.

Barabara zetu nazo zilikuwa na neno lao. Kutoka Peramiho hadi Mbinga kuna lami ya kilometa 78, iliyojengwa kwa fedha za mfuko wa Marekani ujulikanao kama MCC, katika mkataba uliotiwa saini Februari 2008. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kuna lami nyingine ya kilometa 66, iliyojengwa kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Anayeijua njia hiyo ya zamani, ya udongo mwekundu na mawe, atakubali kwamba lami imewaleta Wamatengo na Wanyasa kuwa majirani wa kweli. Lakini lami haikuondoa mlima. Kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani, ambako maji yapo kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, ni mteremko wa zaidi ya meta 700, kona juu ya kona. Na ukifika Mbamba Bay ukageuka kuelekea Liuli, tulipopita sisi mwaka 2024 ilikuwa changarawe.

Mimi ni mtoto wa Mmatengo, na nimelima ngolo pamoja na mama yangu. Wanaume hufyeka nyasi. Wanawake huzipanga katika miraba mlimani, huzifunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mgeni akiyaona mashimo hayo huuliza kwa nini tunalichimbachimba shamba. Jibu ni kwamba mvua ya mlimani haizuiliki, bali huweza kupunguzwa mwendo. Maji hutua shimoni, hupumzika, hunywewa na ardhi, na udongo hubaki mahali pake. Wazee wetu waliujua mteremko kabla ya wahandisi wa magari. Nilipomwambia mume wangu kwamba mtu wa milimani hulipima gari kwa linavyoshuka, na kupanda baadaye, alicheka, lakini hakupinga.

Lililotusukuma kununua gari halikuwa anasa. Usiku mmoja wa Februari 2023 tulipigiwa simu kwamba Bibi, ndivyo sote tunavyomwita mama mkwe kwa ajili ya watoto, amevimba miguu na anapumua kwa shida. Kulikuwa na mvua. Gari la kukodi lilipatikana alfajiri, likafika kwake karibu na saa sita mchana. Alipona, Mungu apewe shukrani, na tangu hapo anahudhuria kliniki ya moyo huko Peramiho kila baada ya wiki nne. Lakini tangu usiku ule mume wangu hakulala vizuri simu ikilia. Kwa hiyo alipoitaka Subaru nilielewa kwamba machoni pake mwendo ulikuwa dawa. Mtu aliyesubiri gari tangu usiku hadi mchana hutamani gari lisilosubiri chochote.

Wenye magari wote wawili walikuwa watu tunaofahamiana nao. Walikubali tuyajaribu siku mbili tofauti, wao wenyewe wakiwamo ndani, petroli ikiwa juu yetu. Tukaamua kwamba jaribio liwe safari yenyewe: Mbinga hadi kijijini, kumchukua Bibi, na kurudi naye hadi Mbinga.

Tulianza na Subaru. Sitaidhulumu. Ilipanda kana kwamba mlima umelazwa. Nguvu za injini ile huja mapema. Mshale wa mizunguko ukifika 2,400 hivi tayari gari linakuvuta, na mtu huhitaji kugusa tu. Katika changarawe yenye utelezi magurudumu manne yalishika vizuri kuliko nilivyotarajia. Buti lake lilimeza gunia la muhogo mkavu na ndoo mbili za dagaa, na harufu ikabaki hukohuko nyuma. Hilo, msomaji, si jambo dogo kwa anayesafiri na watoto.

Lakini Bibi alipofika penye mlango alisimama. Paa la gari lile lipo chini, kiti kipo chini, na miguu yake haikunji vizuri. Mwanawe alimshika kwapani, mimi nikamwinamisha kichwa, akaingia kwa kuangukia upande. Njiani kurudi, kila mume wangu alipogusa mafuta kumpita mwendesha pikipiki, Bibi alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakulalamika. Wazee wa ziwani wamezoea mitumbwi na mawimbi, hawalalamiki kwa urahisi. Tulipofika Mbinga akasema, «Baba, gari lako lina haraka kuliko ugonjwa wangu.»

Wiki mbili baadaye tulikwenda na RunX. Hili nalo lina tabia yake. Chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika ni gari la kawaida, pole, lenye adabu. Ikipita hapo injini hubadili namna inavyofungua vali zake, sauti hugeuka, na hapo ndipo nguvu zote 190 huonekana. Maana yake ni kwamba nguvu hizo zimelala, na dereva huziamsha kwa kusudi. Katika tabo ya Subaru nguvu zimekwisha kuamka kabla dereva hajaamua. Kwa mtu aliye peke yake barabarani tofauti hiyo ni ya ladha. Kwa mtu aliyembeba mgonjwa wa moyo na watoto watatu, ni tofauti ya tabia ya nyumba nzima.

Kwenye mlima, likiwa na watu na mizigo, RunX ilidai gia ya chini mapema, na mume wangu hakukosa kunionyesha. Kwenye changarawe ilisugua tumbo mara mbili, ingawa Subaru nayo ilisugua mara moja. Mvua ingekuwa kubwa, magurudumu mawili ya mbele pekee yangetupa taabu. Dagaa nao tulisafiri nao pua kwa pua, kwa kuwa gari la mlango wa nyuma halina ukuta kati ya mzigo na abiria. Hata hivyo katika kushuka, gia zake sita za mkono zilitusaidia. Tuliliachia lishikwe na injini katika gia ya tatu, breki zikapumzika kama maji katika shimo la ngolo. Paa lake limeinuka kidogo zaidi, sentimeta nne hivi, na sentimeta hizo nne zilitosha. Bibi alikaa kwanza, kisha akaiingiza miguu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Fimbo yake, beseni lake na gunia lake viliingia kwa mlango wa nyuma bila mtu kuinama.

Jioni ile tulipiga hesabu. Safari zetu zote kwa mwezi zilikuwa zikikaribia kilometa 700. Katika majaribio yetu RunX ilikwenda kilometa 11 kwa lita, Subaru kilometa 8. Maana yake ni lita 64 kwa 88, tofauti ya lita 24 kila mwezi. Tukiiweka lita kwa shilingi 3,000, kwa urahisi wa hesabu tu, ni shilingi 72,000 kwa mwezi, na 864,000 kwa mwaka. Injini zote mbili zilikusudiwa petroli ya daraja la juu huko kwao Japani. Hapa Mbinga mwenye pampu hukuuliza petroli au dizeli, basi. Katika injini ya tabo, petroli isiyofaa pamoja na joto la mlima ni jambo la kuogopwa zaidi.

Hapo ndipo zilipotoka zile sababu zilizofichwa. Mume wangu alisema, «Mama Watoto, unajua kwamba walimu wenzangu wataniona?» Nikamjibu kwamba najua. Nami nikamwambia yangu: «Baba Watoto, sikuogopa Subaru. Niliogopa simu ya usiku, wewe ukiwa na nguvu farasi 260 na moyo unaokimbia kuliko gari, mvua inanyesha, na kona zile.» Alinyamaza kwa muda mrefu. Sheria inaweka mwendo wa kilometa 50 kwa saa katika makazi ya watu, na kati ya Mbinga na ziwa vijiji havikosekani. Tulipohesabu dakika ambazo Subaru ingeziokoa katika safari ile kwa dereva anayefuata sheria, tulizipata chache, zisizozidi kumi. Saa zilizopotea Februari 2023 zilipotea kwa kulitafuta gari, wala si kwa gari kwenda polepole.

Likabaki swali la mvua, ambalo kwa haki lilikuwa upande wa Subaru. Januari hadi Machi changarawe ile hudai magurudumu manne, na mimi sikuwa na jibu la injini. Jibu lilitoka kwa mtoto wetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anasoma: «Kwa nini Bibi asikae kwetu wakati wa mvua?» Tulitazamana. Miezi minne tulikuwa tumejadili namna ya kumfuata mgonjwa katika barabara mbaya, na hakuna aliyefikiri kumwondoa mgonjwa katika barabara hiyo kabla haijaharibika.

Tukainunua RunX. Fedha ya petroli tuliyoiokoa mwaka wa kwanza iliezeka chumba kidogo kando ya jiko, chenye kitanda cha chini na dirisha linalotazama migomba. Haikuwa rahisi kumshawishi mwenyewe. Alisema Mbinga ni baridi, muhogo wake utaliwa na nguruwe pori, na mtu aliyezoea kusikia ziwa hapati usingizi penye ukimya. Mume wangu alikwenda kumbembeleza mara mbili. Mwishoni mwa Desemba alikuja na mablanketi matatu na kuku wawili. Kila baada ya wiki nne tulimpeleka Peramiho kwa lami tupu.

Nawaheshimu wanaoendesha magari ya tabo, na wapo wenye familia ambao gari hilo huwafaa kweli: wenye safari ndefu za tambarare, fundi wa kuaminika karibu, na fedha ya oili nzuri isiyoibiwa katika karo za watoto. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami siwaambii watu wachague hadi msimu upite. Nawaambia tu kwamba kabla ya kuuliza nguvu farasi, mwombe mwenye gari akuruhusu umpandishe yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani kwako, umpitishe katika kilometa iliyo mbaya kuliko zote mnazozipita, kisha umsikilize. Uliza pia kama shida unayotaka kuimaliza ni ya gari kweli. Huenda nusu yake ni ya kitanda, ya ratiba, au ya mazungumzo ambayo ninyi wawili hamjayafanya.

Mume wangu, nisimfiche, huziamsha zile nguvu zilizolala mara moja moja akiwa peke yake penye barabara iliyonyooka. Nalijua hilo kwa daftari la petroli ninaloliandika kila Jumamosi. Sijamuuliza.